Nyama Isiyo na Lebo

Fundi friji alikuwa na bahati ambayo wateja wa kawaida hawana. Alipoitwa dukani kutengeneza kabati la nyama baridi, kila kitu kilitolewa nje na kupangwa mezani, na kabla ya kushika bisibisi aliweza kusoma pakiti moja moja bila kusukumwa na mtu. Alizisoma amechuchumaa, tochi ya kichwani ikimulika herufi ndogo, ambazo bila shaka ziliandikwa na mtu asiyetaka zisomwe.

Asubuhi hiyo alianza na bata mzinga. Nyama, maji, chumvi, sukari. Akaweka chini. Kuku wa moshi alikuwa na sukari, na wanga wa viazi juu yake. Soseji zilitiwa unga wa maziwa. Hemu, ile nyama ya paja la nguruwe, ilipakwa asali, tena wameitangaza kwa majivuno mbele ya pakiti. Hata ng'ombe, mnyama aliyekula majani maisha yake yote, alikuwa amemiminiwa sharubati ya mahindi. Sukari ndani ya nyama, jamani! Mtu mwingine angecheka, au angetukana. Yeye alishika bisibisi. Alifunga kompresa mpya, akajaza gesi, akangoja baridi ishike, akaondoka.

Masharti ya chakula yaliyomfanya asome hivyo yaliletwa nyumbani kwake na shemeji, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke mwenye nia njema na sauti ya tarumbeta. "Mwezi mmoja tu, chakula halisi!" alisema, huku akimwaga kopo la sukari kwenye sinki. Nyama, samaki, mayai, mboga na matunda ruksa. Nafaka, maharage, maziwa na chochote chenye jina la kuvunja ulimi, marufuku. "Mtaona mdogo wangu atakavyopata nguvu." Shemeji alimaliza mwezi wake salama, akarudi kwenye mikate yake. Mdogo mtu hakuacha. Alizidi kukaza, akikata hiki na kile, mpaka akabaki na mayai ya kuchemsha na matango. Nguo zilimpwaya. Daktari alisema akiendelea hivyo atalazwa.

Fundi alijua kwamba kosa si la shemeji. Kabla ya masharti hayo, mtoto wao wa kwanza alifariki hospitalini saa chache baada ya kuzaliwa. Daktari alimwambia fundi asubuhi. Mkewe, aliyekuwa ametoka kwenye upasuaji, akauliza kitandani, "Mtoto vipi?" Fundi akajibu, "Yuko salama, amelala." Alidhani anamsitiri mpaka apate nguvu kidogo. Alipoulizwa tena alisema vilevile. Jioni muuguzi wa zamu akaingia na kumpa mama pole. Mtoto alizikwa mama yake akiwa bado hawezi kusimama, na hakumwona.

Mkewe hakumgombeza hata siku moja. Aliacha tu kuamini kitu cha kuambiwa kwa mdomo. Alikuwa muuza dawa, mzoefu wa zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi, na sasa kila kilichoingia nyumbani alikisoma neno kwa neno. Kama hakikuandikwa, hakikuliwa, isipokuwa mayai na matango, ambayo hakuna mtu anayeweza kuyatia kitu.

Halafu asubuhi hiyohiyo, kabla fundi hajatoka kwenda kazini, mkewe akimenya yai alisema bila kuinua macho, "Ningepata nyama baridi, ile ya vipande vyembamba, ningekula." Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kutamani kitu. Fundi alingoja furaha imjie. Haikuja. Akachukua begi la vifaa, akatoka kuitafuta hiyo nyama kama anavyofuata kazi nyingine yoyote.

Duka la mwisho siku hiyo lilikuwa la mama mmoja mnene aliyeitwa Bi Mizani, kwa kuwa hakuwahi kumpunja mtu hata gramu moja. Themostati ya kabati lake, kile kidhibiti cha baridi, ilikuwa imekufa. Bi Mizani alimkuta fundi amezama kwenye pakiti za soseji.

"We fundi, umekuja kutengeneza au kusoma gazeti?"

"Natafuta nyama isiyo na sukari, mama."

"Una kisukari?"

"Sina. Ni mke wangu. Hali chakula."

"Hali kabisa?"

"Mayai tu. Anaisha, mama, namwona."

Bi Mizani hakuwa mtu wa pole nyingi. Alifuta mikono kwenye aproni. "Hizo zote za kiwandani, mwanangu, usijichoshe macho. Nitakuokea kipande cha paja la ng'ombe mimi mwenyewe. Chumvi, pilipili manga, basi. Likipoa tunalikata."

"Na lebo?"

"Lebo ya nini? Lebo ni mimi!"

Fundi alikaa mpaka nyama ikaiva na ikapoa ndani ya kabati alilolitengeneza. Kabla ya kukata, alimwomba Bi Mizani aoshe kisu cha mashine, maana kilikuwa kimetoka kukata hemu ya asali. Bi Mizani alisonya, lakini aliosha.

Nyumbani, mkewe aliigeuza karatasi ya kufungia upande huu na upande ule.

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Muuzaji ameoka mwenyewe. Nyama, chumvi, pilipili manga."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho."

"Hata siku ile ulikuwepo."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayesoma tarehe kwenye chupa. Kisha akamsogezea sahani. "Kula wewe. Uniambie kama ina sukari."

Fundi akachukua kipande, akatafuna. Neno "haina" lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa kweli, maana aliiona nyama hiyo tangu ikiwa mbichi. Alimeza. Alichoka ghafla kujifanya.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Sisikii ladha. Ya nyama, ya chai, ya chochote. Tangu siku ile."

"Lakini kila siku unaniambia chakula kitamu."

"Nilikuwa nakudanganya."

Mkewe alimtazama usoni. Alikuwa hajamtazama hivyo kwa muda mrefu, na fundi aliona aibu, ila hakukwepa. Friji ilinguruma jikoni, ikanyamaza. Mkewe akaivuta sahani upande wake.

"Mwanangu alikuwaje?" akauliza. "Niambie."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi fundi alihisi kitu, na kilimuuma. Akaanza na nywele, ambazo zilikuwa nyingi na zimelala mpaka sikioni. Akaja kwenye vidole. Mkewe alikunja kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akawa anatafuna polepole huku akimsikiliza.