Reuben Stott Akubali Kamba

Keziah Bramall alishushwa ufukweni mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwaka na miguu yake imevimba kwa miezi sita ya kukaa melini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwao Leeds alikuwa ameiba magauni mawili ya tajiri wake, akahukumiwa kifungo cha miaka saba ng'ambo. Melini alikutana na Reuben Stott, msuka kamba wa Hull, mwizi kama yeye, mtu mrefu mwenye maneno ya kuchekesha. Walipofika mto Derwent, kambi ya wafungwa upande wa kusini wa dunia, wakajenga kibanda cha fito na udongo, wakaishi kama mke na mume, ingawa hapakuwa na mchungaji aliyewafungisha ndoa.

Kazi ya mwanzo ilikuwa kukata miti. Miti ya nchi ile ilikuwa migumu, na mashoka yalivunjika kila siku. Aliyevunja shoka alichapwa viboko ishirini na tano. Aliyejibu alichapwa hamsini, kwa mjeledi wa mikia tisa, mbele ya wafungwa wote. Wanawake nao walilazimishwa kusimama na kutazama. Keziah alijifunza kuitazama miguu ya mtu, asiuone mgongo.

Mwezi wa nne kamanda alipunguza posho ya unga kwa nusu, kwa sababu meli ya chakula haikuonekana. Wakati huo Keziah alikuwa na mimba changa.

"Njaa inanikata, Reuben," alimwambia mumewe. "Nikisimama naona giza."

Siku ya tatu yake, yeye na rafiki yake Dick Mellor walikamatwa nyuma ya ghala, mikono yao myeupe kwa unga hadi viwikoni. Kesi ilisikilizwa chini ya turubai, haikumaliza hata nusu saa. Wote wawili walihukumiwa kunyongwa.

Lakini kambi haikuwa na mnyongaji. Hakuna askari aliyeitaka kazi hiyo. Kamanda akawatazama wale wawili, akasema, "Atakayemnyonga mwenzake atabaki hai. Na kazi hiyo itakuwa yake, ya kamba na ya mjeledi pia."

Dick alitema mate chini. Reuben akamgeukia Keziah aliyesimama kati ya wafungwa, akalitazama tumbo lake.

"Nitaifanya mimi," alisema.

Walimnyonga Dick Mellor asubuhi ya Jumatatu, kwenye tawi la mti uliobakizwa kwa kusudi hilo. Dick alipanda juu ya pipa bila kusukumwa.

"Fundo lako lisinitese, bwana," alimwambia Reuben. "Nataka niende upesi."

"Nimelifunga vizuri."

"Haya. Mwambie ndugu yangu Silas asiuze koti langu."

Pipa likapigwa teke. Fundo lilikuwa zuri, ila tawi lilijipinda, na vidole vya miguu ya Dick vikagusa ardhi. Alianza kuchezacheza pale, akikanyaga mavumbi, uso ukigeuka rangi. Sajini akapaza sauti kumwamuru Reuben amalize. Reuben akapiga magoti, akaikumbatia miguu ya rafiki yake na kuining'inia kwa uzito wake wote. Kwa mara ya kwanza Keziah hakuweza kutazama hata miguu. Alimtazama Silas, ndugu yake Dick, mpasua mbao, aliyesimama safu ya pili huku ameuma mkono wake mpaka damu ikamchuruzika.

Tangu siku ile hakuna aliyewasalimu. Reuben alipewa posho kamili, na Keziah akaila pamoja naye. Kule mtoni wanawake walikofulia nguo za maofisa, mwanamke mmoja aitwaye Mag Dunstan alimsogelea huku akicheka.

"Wifi, ule mkate wa leo una ladha gani? Ya Dick au ya mwingine?"

Keziah alichukua ubao wa kufulia akampiga nao mdomoni. Meno mawili yakadondoka majini. Kwa kuwa alikuwa mjamzito hakuchapwa; alinyimwa chakula siku mbili tu.

Majira ya baridi yakaingia. Askari waliotumwa kuwinda kanguru wakawakuta wenyeji wakiwinda bonde lilelile, wakawapiga risasi, wanaume na wanawake, wakarudi na nyama ya kanguru waliowindwa na wale waliowaua. Wiki haikwisha, wachungaji wawili wa ng'ombe walikutwa wamelala kifudifudi, kila mmoja na mikuki mgongoni. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kwenda msituni, na nyama nayo ikakoma. Watu wakala majani ya pwani yaliyochemshwa. Walioiba walipelekwa kwa Reuben, na wengine walikufa kabla mgongo haujapona. Reuben aliacha maneno yake ya kuchekesha. Usingizini alikunja vidole kana kwamba ameshika kitu.

Keziah alijifungua mtoto wa kike mwezi wa tisa. Ghala lilikuwa karibu tupu, na hata posho ya mnyongaji ilikatwa. Maziwa yakamkauka. Siku mtoto alipoacha kulia kwa udhaifu, Keziah aliingia shamba la kamanda mchana kweupe, akachimbua viazi vinne kwa mikono, akakamatwa akitafuna cha pili kikiwa kibichi.

Hukumu yake ilikuwa viboko ishirini na tano.

Reuben alikwenda kwa kamanda kuomba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Akajibiwa kwamba hukumu yake ya zamani bado ipo, na akikataa itatekelezwa. Alirudi kibandani akaketi mlangoni.

"Nitaulegeza mkono," alisema.

"Ukiulegeza wataona."

"Sasa unataka nifanyeje, Keziah?"

"Mimi ndiye nitakayefungwa pale. Usiniulize mimi."

Walimfunga mikono kwenye gurudumu la mkokoteni, wakamchania gauni mgongoni. Viboko vitatu vya kwanza vilikuwa vyepesi. Sajini akaacha kuhesabu.

"Hivyo havihesabiki," alisema. "Anza upya, Stott. Ukinichezea tena nitavifanya hamsini."

Reuben akaanza upya. Safari hii alichapa kwa nguvu zake zote, na Keziah akahisi ngozi ikipasuka na damu ya moto ikimteremka kiunoni. Aliuma shati lililokunjwa na kutiwa mdomoni mwake. Kufika cha kumi na tisa hakusikia tena hesabu. Walipomfungua alianguka, na Reuben alipoinama kumwinua alimsukuma kwa kiwiko.

Alimchukua mtoto, akaenda kwa mwendo wa kujikokota hadi kibanda cha Mag Dunstan. Mag alimtazama mgongo, akasogea pembeni.

"Ingia, dada," alisema. "Meno sina, lakini nafasi ninayo."

Reuben alikuja mara mbili. Mara zote Mag alimfukuza.

Mwezi wa kumi na mbili, adhuhuri moja, Keziah alikuwa akipita karibu na shimo la kupasulia mbao na kapu la nguo kichwani. Akasikia kishindo na sauti ya mtu aliyekatwa pumzi. Akachungulia. Reuben alikuwa amelala shimoni, juu ya unga wa mbao, mguu mmoja umepinda vibaya. Silas Mellor na wenzake wawili walikuwa wamesimama juu yake. Silas alishika mtarimbo.

Wote wanne wakamwona. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini, umbali wa hatua mia. Ukelele mmoja ungetosha.

Reuben alimtazama. Hakuomba. Alifungua mdomo kama anayetaka kumwambia jambo la kawaida tu.

Keziah hakupiga ukelele. Mtarimbo ulishuka, kisha ukashuka tena, na wale wengine wakamalizia kwa mawe. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyotazamia, na hakuondoa macho. Walipopumzika wakasukuma gogo likamwangukia.

Kamanda alimhoji siku hiyohiyo.

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, bwana. Na gogo lililoteleza."

"Kichwa kimepondwa mara kadhaa. Gogo huanguka mara moja."

"Mimi niliona gogo."

"Nitakuchapa mpaka useme."

"Nani atanichapa, bwana?" aliuliza Keziah. Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Kamanda alimtazama sajini. Sajini akainamia viatu vyake. Wakamwacha aende.

Yeye na Mag waliuosha mwili wa Reuben wakauzika. Silas alikuja makaburini akiwa na paja la kanguru aliyemtega mwenyewe, limefungwa kwenye gunia, akaliweka karibu na miguu ya Keziah.

"Kwa ajili ya mtoto," alisema. "Nakushukuru kwa kunyamaza."

"Sikunyamaza kwa ajili yako," Keziah alisema. "Ningekutaja, angetafutwa mnyongaji mwingine wa kukunyonga, naye angekuwa mume wa mtu. Ichukue nyama yako."

"Mtoto ana njaa, Keziah."

Keziah akalitazama gunia, asiliguse. Kisha Mag akainama akalichukua, na wote watatu wakaondoka, Silas upande wake, wanawake upande wao.

Meli ya unga ilifika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Keziah alipangiwa kazi shambani upande wa juu wa mto, akaenda na bintiye, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuketi mwenyewe.