Mfalme wa Vibwengo Anangoja Kicheko

Mchezo wenyewe ni wa kale, wa wapendanao na vibwengo, na hakuna aliyepita shule asiyewahi kuucheza, hata kama alipewa nafasi ya mti. Vijana wanatoroka makwao kwa ajili ya mapenzi, wanapotea msituni, vibwengo wanawachezea akili, na mpaka kunapambazuka kila mmoja ameshampenda asiye wake. Kwa miaka nenda miaka rudi, katika ukumbi wa mji, Mfalme wa Vibwengo alikuwa mtu mmoja tu. Watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Sokoni aliitwa Mfalme, benki aliitwa Mfalme, na hata daktari wa meno alimwambia, "Panua kinywa, Mfalme."

Basi binti yake alipopata nafasi ya kuugeuza mchezo huo kuwa filamu, hakuumiza kichwa kutafuta wa kuvaa taji. Alikuwa ameshaongoza filamu fupi mbili tatu na matangazo ya sabuni mpaka akachoka kuona povu, na hii ndiyo iliyokuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Aliukata mchezo nusu nzima. Alifuta hotuba ndefu, akampunguza mpenzi mmoja aliyekuwa hana kazi ila kulia, akauhamishia msitu kwenye shamba la miti nyuma ya kiwanda cha mbao. Alichoacha bila kukigusa ni baba yake. "Huyo haguswi," aliwaambia wote, na kila alipolisema neno hilo kifua kilimjaa.

Siku ya kwanza Mfalme akajitokeza nyuma ya mti, taji la majani kichwani, akasema mstari wake wa kwanza, ule ambao ukumbini ulikuwa ukiwaangusha watu vitini. Kisha akanyamaza, akangoja.

Alikuwa akingoja kicheko, angengoja nini kingine? Mchekeshaji wa jukwaani hasemi neno la pili mpaka kicheko cha neno la kwanza kipungue, la sivyo maneno yake yanazama na hakuna wa kuyaopoa. Mfalme alikuwa amepokezana hivyo na watu maisha yake yote, wao wanacheka, yeye anasema. Sasa alingoja mbele ya kamera na hakuna aliyecheka. Wangechekaje? Fundi sauti yupo na mashine yake, na mtu akipiga chafya tu kazi yote inarudiwa. Watu wazima walisimama wameuma midomo, fundi taa kajiziba uso kwa kofia yake, mabega yanamtikisika. Binti aliposema "Kata!" wote wakaangua kicheko kwa mpigo.

Mfalme akageuka kwa hasira. "Sasa mnacheka nini? Nilipowahitaji mlikuwa wapi?"

Walimweleza, akaitikia kwa kichwa, lakini mwili wa mtu haubadilishwi kwa maelezo. Kila aliposema, aliusikia ule ukimya, na ukimya kwa mchekeshaji ni msiba. Akaanza kupaza sauti. Akaanza kurusha mikono. Kufikia alasiri alikuwa akipiga kelele hadi ndege wakahama ile miti, na kila baada ya mstari alisimama muda mrefu zaidi, akiwatazama wale watu kama mwenyeji aliyepika na wageni hawataki kula. Binti yake aliona yote hayo kwenye skrini ndogo, na moyo ukamuuma.

Mtayarishaji wa filamu alikuwa mama mmoja mkavu, asiye na maneno mengi, ambaye kila mtu alimwita Bosi. Alizitazama picha za wiki ile mwanzo hadi mwisho bila kubadili uso.

"Dairekta," akasema, "mzee wako namheshimu. Lakini anasema neno, halafu anazimika kama gari bovu. Nina kijana wa tamthilia yuko tayari hata kesho. Jumatatu, ama mzee abadilike, ama taji litafute kichwa kingine."

Binti hakubishana. Alikwenda chumba cha uhariri, kwa dada mmoja waliyemwita Mkasi, na wawili hao wakaanza kuziba mapengo. Kila Mfalme aliponyamaza, chwa, pengo likaondolewa. Mzee akawa anasema mfululizo, maneno yanafukuzana. Bosi alipoona alikaribia kutabasamu. Binti akafurahi, akampigia simu baba yake, akamweleza habari za yule kijana, aje ajionee jinsi alivyomwokoa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, maana mtu mwenye fahari haokolewi akapigiwa simu aje kutazama.

Mfalme alitazama hadi mwisho, mikono kifuani.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Baba."

"Anafanana na mimi, sikatai. Lakini ana haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Watu watacheka saa ngapi?"

"Watacheka watakapopenda."

"Na neno linalofuata atalisikia nani?"

"Baba, filamu haina masikio. Jukwaani unawasikia watu, unawangoja. Filamu haimngoji mtu."

"Basi na mimi siiwezi. Mpeni huyo kijana." Akachukua koti lake, akamuaga Mkasi kwa adabu zote, akaondoka. Binti yake hakumkimbilia. Maji hufuata mkondo, na kiburi cha nyumba ile kilikuwa kimoja, kiligawiwa sawasawa.

Mchana uliofuata binti alikaa kwenye hema la chakula asile chochote. Mwisho akamwambia Mkasi alete kompyuta, akawaomba madereva, maseremala na wapishi wasogee. Akawaonyesha kwanza ile ya haraka. Walicheka, tena sana, na kicheko chao kikaumeza mstari wa pili, wa tatu na nusu ya wa nne. "Kasema nini hapo?" mpishi akauliza. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki. Binti akaona fahari ikimrudia, akawawekea ile ya kwanza, yenye kungoja kote.

Hapo ndipo aliposhangaa. Walicheka, lakini hawakungoja mstari. Walicheka kabla hajafungua kinywa. Mzee aliinua tu nyusi moja, kidogo, kama mtu anayeuliza bei bila kuuliza, na hema zima likalipuka. Aliposema, walikuwa wameshamaliza. Lile pengo la baadaye likapita kavu, watu wanatazamana. Kwa hiyo mzee alikuwa amekosea pia, na Mkasi amekosea, na yeye mwenyewe, mwenye filamu, amekosea kuliko wote kwa sababu alikuwa akishughulika na mapengo bila kumtazama baba yake usoni.

Alikwenda nyumbani kwa wazazi wake siku hiyohiyo. Mama yake alikuwa jikoni akikata vitunguu. Mfalme alikuwa mezani amejificha nyuma ya gazeti.

"Baba, sikuja kubembeleza."

"Sijasema umekuja kubembeleza."

"Nimekuja kukwambia kwamba watu wamecheka kabla hujasema."

Gazeti likashuka. "Kabla? Wamecheka nini?"

"Nyusi yako."

"Nyusi yangu ina nini?"

"Unaiinua. Kila kabla ya kusema, unaiinua hivi." Akamwonyesha. "Miaka yote nimekaa nyuma ya pazia, sijawahi kuiona. Na ukumbini kutoka kiti cha tatu kwenda nyuma, nani angeiona? Kamera imeiona, Baba. Kwenye skrini kubwa itakuwa na ukubwa wa mlango."

Mfalme akanyamaza, na safari hii hakuwa akingoja kicheko. Kule jikoni kisu kilikuwa kimeacha kukata.

"Hiyo ni yangu," akasema mama yake. Alisimama mlangoni, macho mekundu kwa vitunguu. "Nilikuwa nakaa kiti cha mbele kila onyesho, tangu hujazaliwa. Alikuwa akiniinulia mimi. Maana yake, shika mbavu zako, mke wangu, hii inakuja." Akamgeukia mumewe. "Kumbe mpaka leo unaiinua hata nisipokuwepo?"

"Mazoea," Mfalme akasema, akarudi nyuma ya gazeti, lakini masikio yalikuwa yamemwiva kama ya kijana.

Jumatatu Bosi alifika mapema akiwa na yule kijana wa tamthilia, kanyooka, taji la kwake mkononi. Binti hakumfukuza; alimpa kiti na chai. Kisha wazazi wake walipofika, maana mzee alikubali kujaribu mara moja tena, akaweka kigoda chini kabisa ya kamera, karibu na miguu ya mpigapicha, akamkalisha mama yake. "Baba," akasema, "ukumbi wako ndio huu. Usimtafute mtu mwingine. Ukiinua nyusi, ngoja hapo. Ukishasema, usingoje."

"Unanifundisha kazi?"

"Ndiyo, Baba. Leo nakufundisha."

Mzee akamtazama, akatabasamu kwa pembe ya mdomo, akaenda nyuma ya mti wake. Akajitokeza. Hakupaza sauti, hakurusha mkono. Akamwona mkewe pale chini, na nyusi ikapanda.

Mama hakuwa mtu wa filamu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba hapa watu hucheka kimyakimya. Alicheka kwa sauti yake yote, kicheko cha mwanamke aliyekaa kiti cha mbele maisha yake yote. Fundi sauti akaruka kama aliyekanyaga moto, akamgeukia dairekta akatishe kazi. Bosi akashika kichwa.

Binti hakusema kata. Kwenye skrini ndogo baba yake alikuwa amekisikia kile kicheko, na uso ulikuwa umemfunguka kuliko alivyowahi kuuona. Akakiacha kipungue, taratibu. Kisha akausema mstari wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mtu mmoja tu, na kila neno likasikika.

"Kata," akasema hatimaye, na hema, taa na miti yote ikapasuka kwa vicheko na makofi. Alikuwa na fahari ya mtoto na fahari ya dairekta kwa wakati mmoja, na hakujua aanze kuifuta ipi machoni.

"Hicho kicheko mtakitoa?" Bosi akauliza, akimrudishia yule kijana koti lake.

"Kinabaki. Hata vibwengo wana wake zao."

Mfalme alikuwa amevua taji, anapangusa jasho. "Vipi, tunarudia?"

"Haturudii, Baba."

"Ulivyochelewa kusema kata, uliniweka roho juu," akasema, akaenda kumsaidia mkewe kuinuka kwenye kigoda.