Kitanda Kimehamia Sebuleni

Mheshimiwa diwani alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na kwa vipindi viwili maneno hayo yalimtosha. Aliomba kura nyumba kwa nyumba, akakaribishwa viti, akashikwa mikono. Mlango mmoja tu hakuwahi kuupigia hodi, na huo ulikuwa wa chumbani kwake mwenyewe.

Balaa lilianza pale wakubwa wa jiji walipochora upya mipaka ya kata. Mpima ardhi alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akakuna kichwa, akaingia hadi ndani ya nyumba ya Mheshimiwa. Alipotoka aliacha mstari wa chaki nyekundu sakafuni. Sebule na jiko vilibaki kwenye kata yake. Chumba cha kulala na ua wa nyuma vilihamia kata ya jirani.

Mheshimiwa alicheka sana. Kicheko kilimkauka siku mpinzani wake, mwenye bucha, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa huruma, alipoweka pingamizi. Sheria ilikuwa wazi: mgombea awe mkazi wa kata anayogombea, na mkazi ni yule anayelala humo. Ijumaa msimamizi wa uchaguzi angekuja kukagua. Akikuta Mheshimiwa analala ng'ambo ya mstari, jina linakatwa, na mwenye bucha anapita bila kutoka jasho.

"Mbona rahisi," alisema shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kampeni. "Tunaweka godoro sebuleni, tumemaliza."

Mwenye bucha alipata habari kabla godoro halijapata shuka. Akakimbilia kwa msimamizi kulalamika kwamba godoro la sakafuni ni la mgeni, na mtu mwenye ndoa hulala kilipo kitanda chake. Msimamizi, mama asiyependa maneno mengi, akakubaliana naye.

"Nikija nataka kuona kitanda," alimwambia Mheshimiwa. "Na mkeo aniambie kwa kinywa chake kwamba mnalala hapo."

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoishiwa nguvu, maana kitanda kilikuwa cha mkewe. Mkewe alikuwa dobi. Alikinunua kwa jasho la kufua na kupiga pasi, kitanda cha mbao nzito, enzi hizo mumewe akiwa bado si mheshimiwa wa mtu yeyote. Shemeji alipoleta vijana wa kukibeba, dada yake alisimama mlangoni na pasi ya moto mkononi, na vijana wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingine.

"Mke wangu, ni kitanda tu," Mheshimiwa alibembeleza.

"Kama ni kitanda tu, kaazime kingine."

"Sasa unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Fungua dirisha unuse."

Alijua. Nyuma ya chumba ulipita mtaro ulioziba tangu kipindi chake cha kwanza. Maji machafu yalituama chini ya kamba za kuanikia, na wateja walirudisha mashuka wakisema yametakata vizuri ila yananuka. Kila mkewe alipolalamika, alimjibu kama alivyowajibu watu wote: suala lako limepokelewa, linafanyiwa kazi.

"Lakini mtaro sasa uko kata ya jirani," alisema, akadhani amepata pa kutokea. "Si wangu tena."

"Na ulipokuwa wako, ulikuwa wa nani?"

Jumatano jioni alivaa koti lake la mikutano, akasimama kwenye mstari wa chaki, akapiga hodi. Mkewe akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni. Mheshimiwa akahutubia. Aliahidi mtaro wa saruji, wenye mifuniko, na taa juu yake. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho huku akikunja soksi za watu.

"Umemaliza, Mheshimiwa?" Jina hilo alimwita akiwa amekasirika tu; siku za amani alikuwa baba watoto. "Ahadi hizo nazijua. Koti hilo nimelipiga pasi mimi kila ulipokwenda kuzitoa."

Maneno yalimchoma. Alitoka bila kuaga.

Alhamisi asubuhi mtaa mzima ulikuta diwani amesimama ndani ya mtaro, suruali imekunjwa hadi magotini, koleo mkononi. Mwenye bucha alifunga bucha, akaleta kiti, akakaa kutazama.

"Jamani, njooni muone! Mgombea anapiga kampeni kwenye kata isiyompigia kura!"

Watu walivunjika mbavu. Shemeji alikuja mbio, mikono kichwani. "Shemeji, toka humo! Watu wamejaa uwanjani wanakusubiri!"

"Waambie suala lao limepokelewa," alijibu Mheshimiwa kutoka shimoni, akaendelea kuchimba.

Alitoa magunia, chupa, ndoo isiyo na kitako. Mwishowe akavuta kizibo chenyewe. Lilikuwa turubai la kampeni yake ya kwanza, na sura yake bado ilikuwa inatabasamu chini ya tope. Umati ulipiga mayowe. Maji yakabubujika, yakaenda. Mheshimiwa alisimama akiitazama ile sura, na aibu iliyompata hakuwahi kuionja hata siku aliyozomewa jukwaani.

Mkewe alimletea ndoo ya maji na sabuni. "Nawa, baba watoto."

Ijumaa msimamizi alifika, mwenye bucha nyuma yake, na majirani wakasongamana mlangoni. Kitanda kilikuwa sebuleni, kimetandikwa mashuka meupe yasiyonuka.

"Mnalala hapa?" msimamizi aliuliza.

"Tunalala hapa, sote wawili," alisema mkewe.

"Basi nyote ni wakazi wa kata hii. Pingamizi limekufa."

"Ngoja kwanza, mama. Kama na mimi ni mkazi, naomba uniandike. Nagombea."

Macho yalimtoka Mheshimiwa. Mwenye bucha aliangua kicheko. "Dobi! Utawaambia watu umefanya nini?"

"Nitawaambia diwani alikaa miaka kumi, mtaro haukuzibuliwa. Mimi nimeuzibua kwa siku moja, na koleo sikulishika."

Majirani walicheka hadi wakashikana mabega, na wengi wao walikuwa wateja wa bucha. Msimamizi alisema fomu zinapokelewa hadi jioni.

"Sasa mimi mkuu wa kampeni ya nani?" shemeji aliuliza kwa unyonge.

"Ya dada yako," alijibu Mheshimiwa, na kwa wiki nzima hakumsemesha mkewe ila kuomba chumvi.

Asubuhi ya kupiga kura alikuwa ameketi kitandani akifunga viatu aliposikia hodi. Mkewe alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari wa chaki.

"Nimekuja kuomba kura," alisema.

"Suala lako limepokelewa," alimjibu kwa hasira, akatoka.

Kwenye kibanda cha kura alikuta karatasi yenye sura tatu: ya mwenye bucha, ya mkewe, na yake mwenyewe, ikitabasamu vilevile kama ndani ya mtaro. Alikitaka kile kiti. Akashika kalamu, na malengelenge ya koleo yakamuuma, akamkumbuka aliyemtia malengelenge hayo.

Safari hii suala alilolipokea akalifanyia kazi, siku ileile.