Ubeti wa Kusini

Mume wangu, Wigger, aliwafundisha mabaharia hesabu jikoni kwangu. Nilikaanga samaki huku wanaume wazima wenye ndevu wakiimba ubeti aliowatungia, maana hesabu za kalamu ziliwatoa jasho: "Jua la kiangazi, ongeza; jua la kipupwe, punguza." Ukishapima jua la adhuhuri, ubeti huo ulikuonyesha umefika wapi. Ukivuka mstari wa katikati ya dunia, kanuni yote inageuka. Lakini wanafunzi wake walikwenda kuwinda nyangumi kwenye barafu ya kaskazini, kwa hiyo hakujisumbua.

Kisha mkwe wetu, Jelis, mume wa binti yetu Neel, akapata kazi ya msaidizi wa rubani kwenye meli iliyokwenda kuchukua pilipili kusini mwa mstari huo.

"Mwalimu, nataka ubeti wa kusini," alisema.

"Nitakutungia. Kwani rubani wako hajui hesabu?"

"Akifa je?"

"Si utakuwa umepanda cheo? Kunywa bia yako."

Wakacheka. Nilimkumbusha Wigger: "Baba Neel, ubeti wa watu huo." Akasema kesho. Kesho zake nazijua, paa letu linavuja kwa sababu yake. Meli ikaondoka.

Mshona matanga aliyenusurika alitusimulia sisi wawili tu, Neel akiwa sokoni. Rubani alikufa kwa homa. Jelis akabaki na jua na ule ubeti wake mmoja, wa kaskazini. Yalikuwa majira ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana, na cha kuongeza au kupunguza huwa kidogo, kwa hiyo kosa lilikuwa dogo na halikumshtua mtu. Nchi waliyodhani iko mbali ilikuwa mbele ya pua zao; meli ikapasuka mwambani na Jelis akazama nayo.

Neel tulimwambia kwamba meli iligonga mwamba, basi. Wigger chakula kinamshinda siku hizi. Namwonea huruma, na hasira naye bado ninayo.

Jana Neel alikuwa akimbembeleza mwanawe kwenye kitanda cha kubembea kwa ubeti ule ule, kama Jelis alivyozoea. Akamgeukia Wigger.

"Baba, Jelis aliniambia utamtungia wa pili. Unakwendaje? Nataka mtoto aujue."

Wigger angeweza kuutunga palepale. Mistari miwili tu. Nilimwona akiitazama mikono yake.

"Sikuutunga, mwanangu."

"Sasa huko kusini Jelis alikuwa anatumia upi?"

Neel akaacha kukisukuma kitanda. Mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyemwimbia.