Lango la Maji

Gurudumu la maji la kinu cha kufumia sufu lilisimama Jumatatu asubuhi, blanketi likiwa nusu kufumwa. Morfudd Prydderch alibaki ameshika uzi mkononi, akisikiliza ukimya ulioijaza nyumba nzima. Tangu aolewe katika bonde lile la Wales hakuwahi kuusikia mchana wa kazi, hata siku alipomzika mumewe, kwa kuwa mto haukujua msiba.

Shemeji yake Idwal aliingia akitoka mferejini, buti zake kavu kabisa. "Wamefunga lango la maji huko juu. Jumba kubwa lina wageni, wanataka bwawa lijae wavue samaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wachoke. Tulia, shemeji. Wale ni watu wakubwa."

Morfudd aliitazama sufu iliyoloweshwa, ambayo sasa ingeoza bila maji ya kuisuuza. Miaka yote, gari la jumba lile likipita, alikuwa akijibanza ukingoni mwa njia na kuinamisha macho. Leo aliyaonea haya macho yake. Akachukua mtaimbo, akapanda kilima mchana kweupe.

Bwana Picton, msimamizi wa jumba, alimkuta keshaliinua lango nusu.

"We mama, una kichaa? Maji hayo ni ya bwana mwenye jumba!"

"Basi ayaandike jina lake," alisema Morfudd, akiukandamiza mtaimbo tena. "Nikiliona linapita, nitamrudishia."

Lango likapanda. Maji yakaurukia mfereji kwa ngurumo. Picton akamgeukia kibarua wake. "Guto! Lifunge!"

Guto, ambaye mkewe alisokota nyuzi za kinu kile, aliyatazama maji, kisha akamtazama mwanamke yule aliyelowa mpaka kiunoni.

"Bega linaniuma, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Msimamizi aliiva uso kwa hasira. Akavua glavu, akaliendea lango mwenyewe. Morfudd akamtangulia, akakaa juu ya boriti ya lango lisiweze kushushwa.

"Nitaleta polisi!"

"Walete. Mji uko mbali, nami sina haraka."

Picton akaondoka akizichapa nyasi kwa fimbo. Huko bondeni gurudumu lilikoroma, likasita, likakoroma tena, kisha likashika mwendo. Morfudd alitoa mkate mfukoni mwa aproni, akaumega, akamnyooshea Guto kipande.

"Sogea kidogo basi," Guto alisema, akapanda juu ya boriti, akaketi kando yake.