Kisu cha Jumapili Alasiri

Kwa jina la Mola aliyezigawa siku, za jasho na za mapumziko, akamkirimu mwanadamu asidhalilishwe na mwanadamu mwenziwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetufunza adabu hata mbele ya mnyama.

Ama baada ya hayo, watu wa kisa hiki ni wachache. Wa mbele ni Kasim, mchinjaji wa Majengo mjini Meru, ambaye kwa miaka arobaini Waislamu na Wakristo wa mji ule wamekula nyama iliyopita mkononi mwake. Ubavuni pake ni mkewe, Kuruthumu, mzaliwa wa Embu, mwenye maneno machache yaliyotiwa pilipili. Kisha binti yao Zuleka, mwalimu wa gredi ya tano katika shule moja ya kibinafsi huko Githongo, kwenye mashamba ya kahawa. Wa nyuma ni Mwaniki, mkurugenzi wa shule hiyo, ambaye hakupata kukanyaga nyumba ya Kasim kwa miguu yake, lakini aliingia humo kila Jumapili.

Zuleka alikuwa akija Ijumaa jioni akicheka. Jumamosi alipika, akafua, akataniana na mama yake. Jumapili, jua lilipopinduka tu, uso ulimfifia, chakula kikamshinda, akakaa mkekani kando ya mkoba wake kama mgeni aliyefukuzwa. Miezi mitatu ilikuwa hivyo. Kuruthumu alimtilia habasoda kwenye chai, akamsomea aya kwenye maji akampa anywe. Jirani yao Marcella, aliporudi kanisani, alichungulia mlangoni akasema, "Mwacheni, mama Zuleka. Hata wangu, Jumapili jioni huwa kama kuku aliyenyeshewa. Kesho atapona."

Kasim hakuona la kucheka. Jumapili hiyo alirudi kutoka machinjioni na maini mazuri, yakakaangwa, na binti hakuyagusa.

"Una afya, una kazi, na umenuna kama uliyefiwa!" alimaka. "Huko ni kukufuru neema. Mimi kesho alfajiri niko kwenye damu mpaka vifundoni, na sinuni."

"Nimejaribu, Baba. Nyiradi nimesoma. Jana nimetembea mpaka miguu ikauma. Kila dawa mnayonipa naimeza."

"Basi huna yakini. Dawa bila yakini ni maji."

Simu ya Zuleka ikalia kwenye mkeka. Haikulia zaidi ya mara moja, lakini binti alishtuka, chai ikamwagika, na ngozi ya mkono wake ikatetemeka kuanzia kiwiko hadi kidoleni. Kasim aliuona mtetemo ule. Aliujua. Ndivyo inavyotetemeka ngozi ya ubavu wa ng'ombe aliyeona makali, ingawa hakuna inzi aliyetua.

"Nani huyo?"

"Mambo ya kazi tu."

"Nisomee."

Zuleka alisita, akasoma kwa sauti ndogo: "Walimu, hawa ndio ambao madarasa yao yameshika mkia katika mtihani wa juma hili: Zuleka, Nelius, Mithika. Kesho gwarideni watatoka mbele, na wanafunzi wao watawaambia kwa sauti moja, 'Mwalimu, tia bidii.' Nawatakia Jumapili njema."

"Kila Jumapili hukuletea haya?"

"Kila Jumapili baada ya alasiri. Jina langu likikosekana, hutaja wengine. Lakini kabla orodha haijaja sijui kama nimo, na ikija sijui nitalalaje."

Kasim alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Kuruthumu, kisu changu nakinolea wapi?"

"Nyuma ya ukuta wa machinjio. Swali gani hilo?"

"Kwa nini nyuma ya ukuta?"

"Ng'ombe asikione."

"Na nikimchinja wa kwanza, wa pili yuko wapi?"

"Uani, asishuhudie mwenziwe."

"Sasa nisikilizeni!" Sauti yake ilifika kwa Marcella. "Mnyama ambaye bila shaka atakufa namsitiri asiyaone makali. Na binti ya watu, aliyesoma, anayefundisha watoto wa watu, ananolewa kisu usoni tangu Jumapili, alale nacho, aamke nacho! Kisha anatakiwa Jumapili njema! Ni dini gani hiyo? Ni utu gani?" Akamgeukia binti yake. "Na mimi, mchinjaji mzima, nilikuwa namkaripia ng'ombe kwa kutetemeka. Nisamehe, mwanangu. Tumeutibu moyo usio na ugonjwa."

Macho ya Zuleka yalijaa.

"Kesho naenda Githongo," Kasim aliapa. "Nitamtoa yeye mbele ya gwaride!"

"Utaenda na kisu au bila kisu?" Kuruthumu aliuliza. "Mtoto afukuzwe kazi, halafu tupike hasira zako tule?"

Zuleka akacheka, cheko la kwanza tangu adhuhuri. "La, Baba. Shingo ni yangu." Akaichukua simu, akaandika kwenye kundi lile lile la walimu, wote waone: "Mkurugenzi, kosa langu niambie ofisini, nitalisikiliza na kulirekebisha. Mbele ya watoto sitatoka. Na ujumbe wa kazi nitausoma Jumatatu." Akaizima. Akavuta sahani ya maini yaliyopoa, akala yote, kisha akachukua mkoba akaenda.

Jumatatu saa nne, Kasim akiwa bado hajavua aproni, simu yake ililia.

"Baba, gwarideni ameniita mara tatu."

"Nawe?"

"Nilibaki mstarini na watoto wangu. Wakanishika mikono."

"Na wenzio?"

"Nelius alibaki. Mithika alitoka, Baba. Ana watoto wanne. Watoto walipomwambia atie bidii, alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniumiza." Akavuta pumzi. "Mimi na Nelius tumepewa barua za onyo."

"Ihifadhi hiyo barua. Siku moja itatoa ushahidi dhidi ya aliyeiandika."

Jumapili iliyofuata, jua lilipopinduka, uso wa Zuleka ulififia tena, maana mazoea hayaondoki kwa siku moja. Lakini simu ilikuwa imezimwa ndani ya kabati la mama yake, na chakula kililiwa. Kasim hakumwambia kitu kuhusu yakini. Alimmiminia chai, akaketi naye kwenye mkeka mpaka saa ya kuondoka.

Ewe Mola, msitiri Mithika, na kila aliyetoka mbele ya gwaride akitabasamu kwa ajili ya watoto wake. Wape Jumapili isiyo na makali, na uwaondolee anayewanolea kisu, au umfunze kuona haya. Amin.