Kifungu Kilichofutwa

Jiko la kuni la pale mahakamani halikuwa limewashwa tangu mwaka uanze, na wanawake walikaa kwenye benchi la ukumbini wamebanana kama kuku walionyeshewa na mvua. Drande alikuwa wa nne. Mfukoni mwa koti alikuwa na kipande cha gazeti alichokikunja mara nne, na kila baada ya muda alikipapasa, kama mtu anayehakikisha ufunguo wa nyumba haujadondoka.

Gazeti lilisema kumwomba Mungu si kosa tena. Kifungu kimefutwa. Waliofungwa kwa kifungu hicho watarudi makwao, mradi jamaa zao wapeleke maombi.

Mumewe, Pashk, alikuwa na mwaka wa saba kwenye mgodi wa wafungwa. Alifungwa kwa kumbatiza mtoto mchanga wa jirani kwa maji ya kikombe cha kahawa, madirisha yamefungwa, kwa sababu mapadri hawakuwepo tena: wengine gerezani, wengine ardhini. Mfungwa mmoja aliyetoka Novemba alimwambia Drande kwamba Pashk anatema damu, na akibaki kule hatayaona majani mapya baada ya baridi hii.

"Leo tumepewa hata mawakili," alisema bibi Age, jirani yake wa nyumbani, aliyevaa viatu vya mpira. "Kwa miaka ishirini na tatu Serikali ilikuwa imewafuta kabisa. Mwakani labda watatupa soksi."

"Nyamaza, Age, utaturudisha nyuma ya foleni."

"Nyuma ya foleni ndiko nilikozaliwa."

Walicheka huku wameziba midomo.

Wakili aliitwa Besim. Ofisi yake ilinuka rangi mpya.

"Karibu, mama."

"Asante, ndugu."

"Ndugu hakuna tena. Siku hizi ni bwana."

"Asante, bwana."

Akamimina chai ya majani ya mlimani kutoka kwenye chupa, akaisukuma gilasi mezani kwa kidole kimoja. "Kunywa, mama. Itapoa."

Drande aliitazama ile gilasi. Miaka saba nyuma, katika jengo lililo nyuma ya hospitali, mpelelezi mwenye nywele nyeusi alimsukumia gilasi namna hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo. Sasa nywele zilikuwa za kijivu. Kidole kilikuwa kile kile.

Alimwita Bikira Maria kimoyomoyo, akakaa.

Besim alifungua jalada. "Wewe ni nani wake huyu Pashk?"

"Mke wake."

"Hapa wewe ni mtalaka. Wiki mbili tu baada ya yeye kukamatwa."

"Talaka ya karatasi, bwana. Wake wa wafungwa wote tulifanya. Mwalimu mkuu aliniambia nichague, jina la baba au masomo ya mtoto. Pashk mwenyewe alileta neno kwamba nisaini."

"Mimi najua. Mahakama haijui. Mtalaka si jamaa, hawezi kuomba."

"Na binti yangu, Liza?"

"Alichukua jina lako. Kwenye karatasi hana baba."

Drande akakunjua kipande cha gazeti, akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja. "Lakini kifungu kimefutwa."

"Cha ubatizo, ndiyo. Kimekwisha, hata mimi nimefurahi." Besim alipekua ukurasa. "Tatizo ni hili la pili. Pashk alisema Serikali itapita, Mungu atabaki. Kuisema Serikali vibaya bado ni kosa, wamepunguza miaka tu. Na shahidi aliyemsikia ni wewe."

"Pashk hakusema hivyo. Wala mimi sikusema kwamba kasema."

"Saini hii si yako?"

"Saini ni yangu. Maneno niliyakuta yameshaandikwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyenipa chai."

Besim akafunga kalamu yake, akaifungua tena. Nje maji ya mvua yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye bomba lililovunjika.

"Mama, wakati ule kila mtu alikuwa na kazi yake."

"Sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kumchukua mtu wangu kabla hajafa."

"Basi nisikilize. Njia iko moja. Shahidi akiyakana maelezo yake kwa maandishi, kesi inafunguliwa upya, na bila maelezo hayo hakuna kesi. Lakini uandike kwamba wewe ndiye uliyesema uongo. Mambo ya chai usiyatie. Ukiyatia, jalada linakwenda makao makuu kuchunguzwa, na majalada ya huko hayarudi upesi. Mwenye mapafu mabovu hana muda huo."

"Na aliyesema uongo mahakamani?"

"Kifungu chake hakijaguswa. Ni kifungu kizuri, hata Ufaransa wanacho."

"Miaka mingapi?"

"Isizidi mitano. Ila kwa umri wako..." Akaiacha sentensi hapo, akavuta karatasi. "Nikuandikie?"

"Hapana. Safari hii naandika mwenyewe."

Aliandika polepole, ulimi katikati ya meno, kwa herufi kubwa za darasa la nne. *Mimi Drande nilisema uongo juu ya mume wangu Pashk.* Besim akainama, akagusa mstari kwa kile kidole. "Aliyekuwa mume wako."

Drande akaongeza neno hilo juu ya mstari, dogo dogo. Chai ilipoa bila kuguswa.

Besim aliipeleka karatasi kwa hakimu, Drande akarudi benchini. Haukupita muda mrefu, askari akatokea mlangoni.

"Mama Drande? Hebu pita huku kidogo."

"Anakwenda wapi?" Age aliuliza.

"Kuandikisha tu, bibi. Amekiri kosa. Sasa hii ni nchi ya sheria."

"Na mume wangu?" Drande aliuliza.

"Hilo ni jalada lingine. Lina foleni yake. Labda Machi, labda baadaye."

Drande akavua kitambaa chake kizito cha mabegani, akampa Age. "Mwambie Liza asifunge mlango wa uani. Baba yake hana ufunguo."

Katika chumba cha mwisho askari alikaa na fomu mbele yake. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza mwaka wa kuzaliwa, akaandika.

"Hali ya ndoa?"

"Nimeolewa."

Askari alichungulia jalada. "Mtalaka," alisema, akaandika. Kisha kalamu ikasita. "Huu mstari ni mpya. Fomu zimeletwa wiki iliyopita. Dini?"

Jina la dini yake Drande hakuwahi kulitamka mbele ya mtu mwenye sare tangu alipokuwa msichana.

"Sema tu, mama. Siku hizi hakuna wa kukuzuia."

"Mkatoliki."

"Sijasikia. Kwa sauti."

"Mkatoliki."

Askari akaliandika kwa mwandiko mzuri, akapuliza wino ukauke, kisha akanyoosha mkono kuchukua funguo za mahabusu zilizoning'inia ukutani.